Kwa familia zinazokwenda kupanda kanisa visiwani Ziwa Victoria

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Mimi na mume wangu tumetumika upande wa Ukerewe na visiwa vya jirani kwa miaka mingi, na watoto wetu wamekulia huko. Nikiulizwa neno moja la kumwambia mtumishi mgeni, husema hili: kabla hujatafuta kiwanja cha kanisa, jua kwanza watu uliotumwa kwao ni wa kukaa au ni wa kuhama.

Chukueni kisiwa cha Ukara. Wenyeji wake ni wakulima hodari tangu enzi za mababu. Ng'ombe wanafungiwa zizini na kukatiwa majani, samadi inarudi shambani, na ardhi ile ndogo imelisha watu wengi kizazi hadi kizazi. Mtu wa namna hiyo ana makaburi ya wazee wake karibu na nyumba. Hatabadili njia ya ukoo kwa mahubiri ya jioni moja. Kaa naye, jifunze lugha yake, nenda msibani kwake, msalimie mzee wa mji kabla ya vijana. Lakini shuka mwaloni, ufukweni mitumbwi ya uvuvi inapofikia, utakuta kambi ya dagaa: Msukuma, Mjita, Mhaya, Mluo, Mkerewe, kila mmoja na kibanda chake cha bati au turubai, Kiswahili kikiwaunganisha. Huyu anasikia Neno haraka, anaokoka kwa machozi, na dagaa wakihama anafunga godoro anaondoka na tajiri wake, mwenye mtumbwi, kwenda kisiwa kingine. Watumishi wengi huvunjika moyo hapo, wakidhani kanisa limekufa. Halijafa. Limepanda mtumbwi.

Kwa hiyo kambini msiharakishe tofali. Tafuteni mtu anayeishi maisha yaleyale: mvuvi, mama anayeanika dagaa, muuza chai wa mwaloni. Mfundisheni kusoma Neno na wenzake, kuomba, kuzika, kutunza sadaka na kuiandika kwenye daftari. Yeye akihama, anahama na kanisa. Wengi hawasomi kwa urahisi, kwa hiyo Biblia ya kusikiliza kwenye memori kadi inafika mahali ambapo kitabu hakifiki. Kijana anaiwasha kwenye simu huku akitengeneza nyavu.

Ratiba yenu iongozwe na mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu, na wavuvi hupumzika. Siku hizo ndizo za semina, ubatizo, ndoa na vikao vya wazee wa kanisa. Wakati wa giza, ibada ya saa 4 asubuhi ni ya watoto na ninyi wenyewe tu, maana wanaume wamerudi alfajiri wamelala, na kina mama wako mchangani. Mtazameni mama huyo kabla hamjamwita mvivu wa ibada: anamwaga dagaa, anawasambaza kwa mkono wawe wembamba, anafukuza kunguru, jua likipanda anawageuza. Wingu likitokea, kambi nzima inakimbia kukusanya, kwa sababu dagaa walionyeshewa huoza au kuuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Sisi tunaanza ibada saa 8 mchana. Wingu likija katikati ya mahubiri, mhubiri anafunga Biblia na kwenda kusaidia kuanua. Nawasihi mfanye hivyo. Nimeona watu waliotukwepa miezi mingi wakija kuketi nasi baada ya kuona mchungaji ana magamba ya dagaa mikononi.

Fedha za visiwani huja nyingi kwa mkupuo, kisha hukauka. Msipange ujenzi kwa hesabu ya sadaka za msimu mzuri. Na tajiri mmoja mwenye mitumbwi akitaka kuwajengea kanisa peke yake, mshukuruni kwa heshima, kisha mwombeni atoe pamoja na wengine. Wavuvi wake wana madeni kwake. Jengo likiwa lake, malalamiko yao hayataingia mlangoni.

Hili nalisema kwa uzito kwa sababu ya historia ya mahali penyewe. Desemba 1877 wamisionari wawili wa CMS, shirika la misheni la Kianglikana la Uingereza, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa Ukerewe baada ya kujikuta ndani ya ugomvi wa mtemi Lukonge na mfanyabiashara Songoro. Migogoro ya leo ni ya mgawo wa mauzo, nyavu haramu na mipaka ya mwalo. Mfarijini aliyedhulumiwa, mpelekeni kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji, lakini nyumba yenu isiwe mahali pa kuficha nyavu wala pa kupigia hesabu za mtu. Mtendaji huyohuyo ndiye wa kwanza kumwona mkifika, na barua ya utambulisho mkononi. Wakatoliki na Waislamu mtawakuta. Wasalimieni kama majirani, wala msijenge jina lenu kwa kuwasema.

Sasa familia. Watoto watapenda ziwa kuliko mnavyotaka, na kichocho kiko kwenye maji ya ufukweni. Chemsheni ya kunywa. Ya kuoga yachoteni na kuyaacha kwenye pipa lenye mfuniko siku mbili kabla ya kuyatumia. Dawa za kichocho zikigawiwa shuleni, wenu wasikose. Neti kila kitanda, na dawa ya malaria isiwe ya kufuatwa ng'ambo usiku wa mawimbi.

Kuhusu vyombo vya majini sina maneno ya kupamba. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kikitoka Bugolora kwenda Ukara kikiwa kimejaza kupita kiasi, kilipinduka kikiwa karibu kufika, na zaidi ya watu 220 walipoteza maisha. Zipo nyumba ambazo mtaingia kuhubiri na mtakuta picha ya aliyekufa siku ile ukutani. Ketini msikilize kwanza. Na ninyi nunueni jaketi za kujiokolea zenu wenyewe, za watoto ziwe za saizi ya watoto. Chombo kikijaa, shukeni, hata kama mkutano wa injili unawasubiri upande wa pili. Mpigieni simu mwenyeji wenu kwamba mtakuja kesho, naye awatangazie watu. Visiwani hakuna atakayeshangaa.