Skrubu na kifungo cha goti: jibu kwa aliyeuliza kama mdogo wake atabaki na chuma maisha yake yote

Mkuu, pole kwa mdogo wako. Umesema daktari kawaambia ACL (ligamenti, yaani ukanda mgumu unaoshikanisha mfupa wa paja na wa muundi ndani ya goti) imekatika na atawekewa kifungo na skrubu, na mama hapo nyumbani hataki kusikia habari ya chuma kubaki mwilini mwa mtoto. Mimi goti langu la kulia lina kifungo cha chuma cha titani upande wa paja na skrubu ya plastiki ngumu upande wa muundi. Nililiumiza kwenye ndondo, nikigeuka peke yangu, hakuna aliyenigusa. Nakujibu kwa hayo niliyopitia na niliyowauliza madaktari wangu.

Kwanza mweleweshe mama kwamba hivyo vifaa haviungi ligamenti iliyokatika. ACL iko ndani ya maji ya goti. Ikikatika, ncha zake huchambukachambuka na damu haipati pa kuganda ili kidonda kiunge, kwa hiyo mara nyingi wanaweka nyingine. Kwangu walichukua kano za nyuma ya paja, zile zinazosimama ukikunja goti, upande wa ndani. Wanazikunja mpaka zipate unene wa kama milimita 8, wanatoboa njia kwenye mfupa wa muundi na nyingine kwenye mfupa wa paja, wanazipitisha humo kwa kutumia kamera. Kifungo na skrubu vipo kuzuia hizo kano zisichomoke mpaka mfupa wenyewe uzikamate.

Kifungo chenyewe ni kibati chembamba, urefu wa milimita 12 hivi, kina matundu na kitanzi cha uzi mgumu, na kano inaning'inia kwenye hicho kitanzi. Umeshaona ndoo iliyokatika mkono ikafungwa kamba yenye kijiti? Kijiti kinapita tunduni kikiwa wima, kikishatokeza upande wa pili kinakingama na hakirudi. Kifungo kinafanya hivyohivyo juu ya mfupa wa paja. Daktari anakivuta kwa nyuzi hadi kitokeze nje ya mfupa, anakigeuza, anavuta kurudi nyuma kuhakikisha kimekaa. Wengine wanapiga na eksirei palepale mezani, maana kikikamatia kwenye nyama badala ya mfupa, kitalegea baadaye.

Skrubu yenyewe inaingia kwenye njia ileile ya kano na kuibana ukutani kama kabari. Zipo za titani, zipo za plastiki ngumu iitwayo PEEK, na zipo zinazoyeyuka zenyewe. Hizo za kuyeyuka watu wanazisifia sana, lakini usidhani zinaisha kwa miezi miwili. Nyingi huchukua miaka, na kuna watu zimewaachia uvimbe wa majimaji kwenye mfupa. Mimi sioni sababu ya kulipia zaidi kwa ajili ya neno "kuyeyuka" peke yake. Muulizeni daktari yeye amezoea ipi, mkono uliozoea kifaa ni jambo kubwa kuliko aina ya kifaa.

Jambo moja mjiandae nalo. Nilipopigwa eksirei baada ya upasuaji, dada yangu aliiinua dirishani akakiona kifungo, kijistari cheupe ubavuni mwa paja. Chini kwenye muundi kulikuwa na njia nyeusi tupu. Akaanza kuwaka: skrubu tumeilipia, iko wapi? Ilikuwepo. PEEK haionekani kwenye eksirei, hata nyingi za kuyeyuka hazionekani. Ya titani ndiyo ingeng'aa.

Sasa swali la kutolewa. Kwa kawaida havitolewi. Vinatolewa kama kuna usaha, kama vinauma kweli, au kama goti linafanyiwa upasuaji upya na vimekaa njiani. MRI (picha ya mashine ya sumaku) unapiga, ila titani inaweza kuharibu picha kidogo pale ilipo. Usumbufu wangu ni wa kupiga magoti: chini kidogo ya goti, pale walipoingilia, sakafu tupu inauma, kwa hiyo naswali juu ya mkeka wenye blanketi chini yake. Kama mdogo wako anaswali au kazi yake ni ya kupiga magoti, mfahamishe daktari mapema. Madaktari wengine huchukua kano ya mbele ya goti pamoja na vipande vya mfupa. Hiyo inashika haraka kwa kuwa ni mfupa kwa mfupa, wiki 6 hivi, lakini maumivu ya kupiga magoti huwa makubwa zaidi.

Kulegea ndiko hasa kwa kuogopa, na hapo tatizo huwa ni haraka ya mgonjwa. Kano ya paja inahitaji kama wiki 8 hadi 12 kushikana na mfupa. Muda wote huo mzigo uko kwenye kifungo na skrubu. Tena kano yenyewe ikishahamishwa inapoteza damu yake na kudhoofika kabla ya kujijenga upya, na udhaifu huo unaangukia ile miezi ambayo goti limeshapungua uvimbe na kijana anajiona mzima. Hapo ndipo wanarudi uwanjani kwa siri. Utafiti wa Delaware na Oslo uliotoka 2016 uliona kila mwezi wa kuchelewa kurudi mchezoni, hadi mwezi wa 9, ulipunguza kuumia tena kwa takriban nusu. Kama ni shabiki wa Liverpool mkumbushe beki Van Dijk: aliumia ACL Oktoba 2020, akarudi kwenye mechi ya kirafiki mwisho wa Julai 2021, na yule ana fizio (mtaalamu wa mazoezi ya tiba) wa kila siku.

Homa, usaha, au goti kuvimba ghafla na kuwa la moto, rudini hospitali siku hiyohiyo. Shavu la mguu, nyuma chini ya goti, likivimba na kuuma pia msisubiri. Na asichuliwe na mtu wa mtaani.

Kuhusu hela, ulizeni kama bei mliyotajiwa ina vifaa ndani yake au ni ya upasuaji tu, na bima inalipa kipi, kabla ya tarehe. Kifaa kina stika yenye jina, saizi na namba ya toleo, huwa inabandikwa kwenye faili. Ipigeni picha. Siku goti likisumbua na yuko mji mwingine, daktari wa huko atajua amekuta nini.

Hujasema kama meniskasi, ile gegedu iliyo katikati ya mifupa ya goti, nayo imechanika. Angalia kwenye majibu ya MRI uniandikie, maana ikishonwa, ratiba ya magongo na kukunja goti inabadilika.