Hekalu la Ise: la kale au kongwe?

Swali: Katika habari za Japani nimekutana na "kaburi la Ise", "madhabahu ya Ise" na "hekalu kongwe la Ise", zote zikitaja mahali pamoja. Tutumie lipi?

Jibu: Kaburi tuliondoe kwanza. Pale Ise hajazikwa mtu, na kwa waumini wa Shinto, dini ya asili ya Japani, kifo ni unajisi usiosogezwa karibu na mahali pa ibada. Nadhani aliyeandika hivyo alikuwa na mawazo ya ziara za makaburi ya mawalii wa pwani yetu. Madhabahu nayo ni finyu. Asili yake ni kitenzi cha Kiarabu cha kuchinja, na hutaja meza au jiwe la kutolea sadaka, si eneo lenye msitu, mto na majengo chungu nzima.

Mzimu, kwa maana yake ya zamani ya mahali pa kutambikia, ungekaribia sana: huko Ise mungu wa kike Amaterasu huandaliwa wali, samaki, chumvi, maji na sake (pombe ya mchele) asubuhi na jioni. Lakini andika leo "mzimu wa Ise" uone kama msomaji hatafikiria marehemu anayetokea usiku! Wajapani husema jinja, wakitenga na tera ya Wabuddha. Tukilikopa, jirani zetu wa Uganda watadhani tunazungumzia mji wao ulio kando ya Nile. Basi tubaki na hekalu, tukiongeza "la Shinto".

Sasa "kongwe". Neno hili hubeba umri wa kitu chenyewe: mzee mkongwe, mbuyu mkongwe, Mji Mkongwe wa Unguja. Majengo makuu ya Ise hayana umri huo. Kila baada ya miaka 20 hujengwa mapya kwa mbao za hinoki, mti wa Kijapani, katika kiwanja cha pembeni, kisha ya zamani hubomolewa. Hata mavazi na panga za mungu hutengenezwa upya. Desturi hiyo ilianza mwaka 690, enzi ya Malkia Jitō, ikakatizwa na vita kwa zaidi ya miaka 100 katika karne za 15 na 16, kisha ikarejea. Mara ya 62 ilikuwa 2013. Ijayo ni 2033. Kilichodumu ni mahali, umbo na ibada. Kwa hiyo ni hekalu la kale, yaani lenye asili ya zamani, ilhali mbao zake bado changa. "Kongwe" waachie miti mikubwa iliyo njiani kuelekea hekaluni.