Maswali ya Wasomaji: Kompyuta ya Kujiundia

SWALI: Nina shilingi 60,000 na ninataka kujiundia kompyuta ya masomo na kuhariri picha. Muuzaji mmoja ananihimiza nianze na kadi ya grafiki. Je, nimsikilize? – Msomaji, Likoni

JIBU: Usimsikilize, kwa sasa. Prosesa (ubongo wa kompyuta) kama Ryzen 5 5600G ina uwezo wa grafiki ndani yake, hivyo kadi inaweza kusubiri. Kwa kuwa grafiki hiyo huazima rami (kumbukumbu ya muda) ya kompyuta, nunua vipande viwili vya GB 8 badala ya kimoja cha GB 16, kwani viwili hufanya kazi sambamba na kupitisha data kwa kasi zaidi. Hakikisha ni DDR4, aina ya rami inayoendana na prosesa hiyo: kipande cha DDR5 kina pengo mahali tofauti na hakiingii, hata ukikisukuma. Ubao mama, unaounganisha sehemu zote, uwe wa soketi ya AM4, yaani kikao cha prosesa hiyo.

Pawa saplai, kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, ndiyo nisiyokubali uipunguzie fedha, maana ya bei ya kutupa, ambayo mara nyingi huja bure na kasha, ikiungua kwa umeme wa kupanda na kushuka yaweza kuunguza na vifaa vingine. Kasha lenyewe, hata la mtumba pale Mwembe Tayari, Mombasa, litafaa, mradi skrubu zake hazijaliwa na kutu.