Maswali yenu: albamu tunazotamani zituzunguke

Mwezi uliopita niliwauliza: ukiambiwa uchague albamu moja itengenezwe upya kwa sauti ya kuzunguka, ile inayokujia kutoka spika za mbele, za ubavuni na za nyuma, ungechagua ipi? Majibu yamekuja na maswali tele, na leo najibu baadhi ya hayo maswali.

Nina sabufa yenye spika tano. Kuna kitufe nikikibonyeza zote zinalia pamoja. Si ndiyo sauti ya kuzunguka hiyo? (Mwanza)

Bado, ndugu yangu. Wimbo wa kawaida una chaneli mbili, kushoto na kulia. Kitufe chako kinazichukua hizo mbili na kuzigawa kwa kukisia, na ndiyo maana mwimbaji wakati mwingine anasikika kama yumo ndani ya pipa. Sauti ya kuzunguka ya kweli, tuseme ile iitwayo 5.1, ina chaneli tano kamili na ya sita ya besi nzito. Ili kuipata, fundi anarudi kwenye mkanda wa awali, anachukua kila ala peke yake, kisha anaamua gitaa hili likae wapi na tumba zikae wapi. Kwa hiyo mtu akinitajia albamu anayoitamani, mimi huanza kuuliza habari za mkanda: je, kila ala ilipewa traki yake, yaani njia yake peke yake kwenye mkanda? Na mkanda wenyewe bado upo?

Shikamoo. Nimekua na nyimbo za Morogoro Jazz na za Mbaraka Mwinshehe. Kwa nini rekodi zile za Radio Tanzania zisifanyiwe hivyo? (Morogoro)

Marahaba. Swali hili limeletwa na wengi, na linanigusa kuliko yote.

Bendi ilipoingia studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD), watu walipiga kwa pamoja tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho: solo, ridhimu, besi, tumba, tarumbeta na waimbaji. Fundi mitambo alipanga mikrofoni zake chache, akasikiliza, akasogeza. Tarumbeta ikizidi, mpulizaji anarudishwa nyuma hatua mbili. Mwimbaji akimezwa, anasogezwa karibu. Uwiano wote ulipatikana palepale chumbani kabla mkanda haujaanza kuzunguka, na kilichoingia kwenye mkanda kiliingia kikiwa kimeshachanganywa. Hakuna traki ya solo ya kuichomoa na kuipeleka kushoto nyuma. Mbaraka alitutoka Januari 1979, hakuna wa kumwita arudie.

Binafsi sioni huo kuwa upungufu. Ukisikiliza rekodi nzuri ya wakati ule kwa spika moja iliyo safi, unasikia chumba, unasikia nani yuko mbele na nani yuko nyuma yake. Kitu ninachokidai kwa nguvu zote ni kanda hizo zinakiliwe kwa uangalifu, kwa mwendo wake sahihi, zitoke zilivyo. Nakala nyingi zinazozunguka kwenye simu zetu zimetoka kwenye kaseti iliyotoka kwenye kaseti nyingine, na juu yake mtu ameongeza besi. Tuanze hapo kwanza. Hayo ya kuzunguka yatafuata.

Lakini siku hizi kuna akili mnemba inayotenganisha sauti. Haiwezi kusaidia? (Dodoma)

Inaweza, na mfano mzuri ni albamu ya Beatles ya 1966, Revolver. Katika wimbo wa kwanza, Taxman, gitaa, besi na dramu vilikuwa vimebanana kwenye traki moja, na kwa miaka mingi ilikubalika kwamba hakuna njia. Kisha timu ya mtengenezaji filamu Peter Jackson, iliyokuwa ikishughulikia picha na sauti za zamani za bendi hiyo, ikatengeneza programu iliyofundishwa kutambua sauti ya kila ala. Mtayarishaji muziki Giles Martin akaitumia, na mwaka 2022 Revolver ikatoka upya, pamoja na toleo la Dolby Atmos, mfumo wa sauti ya kuzunguka unaoongeza na sauti za juu ya kichwa.

Tahadhari yangu: wale walianza na mkanda halisi wa studio. Ukiipa mashine faili la MP3 lililochoka, itakachotenganisha ni uchovu. Matoazi yanageuka mvumo wa maji na mwisho wa kila neno la mwimbaji unakatika. Ningependa kusikia jaribio hilo likifanywa kwa kanda za RTD zenyewe, na liongozwe na mtu aliyewahi kucheza muziki huo ukumbini.

Mimi ni mgonjwa wa Steely Dan. Naambiwa Aja ilikwama. Ilikuwaje? (Minneapolis)

Aja, albamu ya bendi ya Marekani Steely Dan, ilitoka 1977, na ni miongoni mwa albamu zilizolilia sauti ya kuzunguka kwa miaka mingi kuliko karibu zote, kwa sababu kila ala imerekodiwa kwa usafi wa kutisha. Fundi Elliot Scheiner alikuwa tayari. Mkanda ulipotafutwa, ikaonekana kanda za traki nyingi za nyimbo mbili hazipo: Black Cow na wimbo wenyewe wa Aja. Katika toleo jipya la 1999, wenye bendi, Walter Becker na Donald Fagen, waliandika kuhusu upotevu huo na kuahidi dola 600 kwa atakayeleta habari za kanda hizo.

Kinachouma ni kwamba Aja ndio wimbo ule wa karibu dakika nane, wenye saksafoni ya Wayne Shorter na dramu za Steve Gadd zikifukuzana. Kama kuna mahali ningependa kukaa katikati ya wapigaji, ni dakika zile. Albamu yao iliyofuata, Gaucho, ilipata toleo lake la 5.1. Jipoze nayo.

Je, jambo hili ni jipya? (Kisumu)

Hata. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kulikuwa na sahani za santuri za chaneli nne. Fundi wa sauti Alan Parsons alirekodi saa za ukutani, moja moja, kwenye duka la vitu vya kale kwa ajili ya kuonyesha mfumo huo. Saa hizo ndizo zinazolia kwa pamoja kwenye The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd, 1973. Mfumo ule ulikufa kwa sababu kampuni zilishindana kwa aina ambazo hazikuelewana, mnunuzi akachoka. SACD na DVD-Audio, aina mbili za diski zilizoshindana, zilirudia kosa lilelile miaka ya 2000. Tangu 2021, Apple Music ilipoanza kutoa nyimbo za Atmos, mambo yamekuwa mepesi zaidi kwa msikilizaji wa kawaida, bando likiwepo.

Na wewe mwenyewe ungechagua ipi? (Muscat)

Songs for the Poor Man ya Dakta Remmy Ongala na Super Matimila, ya 1989. Sihitaji hata kufikiri.

Hii haikurekodiwa kwa mikrofoni chache. Ilitolewa na Real World, kampuni ya Peter Gabriel yenye studio zake kijiji cha Box, Uingereza, mahali palipojengwa kwa ajili ya kurekodi kwa traki nyingi. Sikiliza Kipenda Roho: magitaa yanapokezana, moja likimaliza sentensi jingine linaidaka, na chini yake besi inatembea bila haraka. Kwa spika mbili magitaa hayo yanagombania nafasi. Yape kila moja kona yake, muweke Remmy mbele katikati na sauti za kuitikia ubavuni, na utaelewa kwa nini watu wa Sinza waliuita mtaa kwa jina lake, Sinza kwa Remmy.

Kampuni hiyohiyo ina Exile ya Geoffrey Oryema wa Uganda, ya 1990, iliyosimamiwa na Brian Eno, na En Mana Kuoyo ya Ayub Ogada wa Kenya, ya 1993, yenye nyatiti yake, ala ya nyuzi ya Wajaluo. Hizi mbili zina ala chache, na hapo fundi anatakiwa kujizuia. Nyatiti ikae mbele, nyuma uachwe mwangwi wa chumba tu. Akiizungusha nyatiti kichwani mwa msikilizaji ameiharibu.

Gabriel anaijua kazi hii. Albamu yake i/o ya 2023 ilitoka na mchanganyo maalumu wa Atmos, uliofanywa na Hans-Martin Buff. Remmy alifariki 2010, Oryema 2018, Ogada 2019. Anayesoma hapa akiwa na njia ya kuifikia kampuni hiyo, tafadhali apeleke ombi letu.

Na taarabu? (Unguja)

Ingefaa sana, hasa kwa kundi kubwa lenye safu ya fidla. Ila irekodiwe upya, ukumbini, hadhira ikiwemo. Vifijo na watu wanaotunza vitoke nyuma yako, kanuni na akodiani zibaki jukwaani.

Spika za nyuma niziweke wapi? Chumba changu ni kidogo. (Tanga)

Usiziweke nyuma ya kisogo. Ukikaa kwenye kiti chako, ukitazama spika ya katikati, zile mbili za mbele ziwe takriban nyuzi 30 kila upande, na za nyuma takriban nyuzi 110, yaani zimepita mabega kidogo tu. Zielekee kwako, ziwe na umbali mmoja na za mbele kadiri chumba kinavyoruhusu. Kama haiwezekani, punguza sauti ya ile iliyo karibu zaidi, na usogeze kochi mbali na ukuta, hata kama ni hatua moja.