Jibu: Kituo cha Crystal Palace kilichofungwa mwaka 1954 ni kipi?

Salaam, ndugu mwanajukwaa. Umeuliza inakuwaje kituo cha Crystal Palace, kusini mwa London, kitajwe kuwa kilifungwa mwaka 1954 ilhali treni bado zinasimama hapo. Kwanza hakikisha ni kituo kipi kinachozungumziwa, kwani vilikuwa viwili. Mimi mwenyewe nilivichanganya mpaka nilipolinganisha ramani ya zamani na ya sasa. Kinachofanya kazi ni kile cha chini, kilichofunguliwa mwaka 1854. Kilichofungwa ni High Level, juu kilimani, kilichofunguliwa mwaka 1865 kwa ajili ya umati uliokuwa ukilizuru jumba kubwa la vioo, na ambacho abiria wake walipungua sana baada ya jumba hilo kuteketea kwa moto usiku wa tarehe 30 Novemba 1936. Umeme uliowekwa kwenye reli mwaka 1925 haukukiokoa, na wakati wa vita safari zilisimamishwa kuanzia 1944 hadi 1946. Jengo lilibomolewa mwaka 1961. Ukienda, anza na njia ya waenda kwa miguu iliyo chini ya barabara ya Crystal Palace Parade, yenye nguzo za pembe nane za matofali mekundu na ya rangi ya maziwa. Kwangu mimi, hayo ndiyo masalia mazuri kuliko yote.