Jibu: Kompyuta ya mwaka 2014, kuiboresha au kununua nyingine?

Ndugu yangu wa Nkuhungu, umeeleza kwamba kompyuta yako ya mezani ya mwaka 2014, yenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel Core i5 ya kizazi cha nne, RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) ya GB 4 na diski ya kuzunguka, huchelewa mno kuwaka, nawe unauliza kama uiboreshe au ununue nyingine.

Kwa hesabu za duka na masomo ya watoto, mimi ningeanza na diski. Diski ya zamani husoma data kwa kichwa kinachosogea juu ya sahani zinazozunguka, na hapo ndipo muda mwingi hupotea; SSD ya SATA, yaani diski ya chipu inayotumia kiunganishi kilekile cha diski ya zamani, haina kitu kinachosogea, hufungwa kwa waya zilezile, na tofauti utaiona siku hiyohiyo. RAM iongezwe hadi GB 8, ila iwe aina ileile iliyomo, ambayo kwa kizazi hicho kwa kawaida ni DDR3, kwa kuwa DDR4 haiingii kwenye tundu lake. Fundi apulize pia vumbi kwenye feni, maana kiangazi cha Dodoma tunakijua.

Kikwazo ni mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiendesha kompyuta. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa prosesa za Intel kama yako, inataka kizazi cha nane na kuendelea, isipokuwa prosesa chache. Ikiwa hauko tayari kuhamia Linux, mfumo endeshi mwingine usio wa Microsoft, usiitupie RAM hata shilingi: tafuta kompyuta ya mtumba ya kizazi cha nane, na hiyo SSD utaihamishia huko.