Miguu ya mama kuvimba baada ya kuongezewa amlodipini

Pole sana, dada. Umesema mama aliongezewa amlodipini, dawa ya presha, kutoka miligramu 5 hadi 10, na sasa kila jioni vifundo vya miguu vimevimba hadi viatu vinambana, naye anataka kuacha dawa. Tafadhali asiache kabla ya kuongea na daktari. Presha inaweza kupanda tena bila yeye kuhisi lolote, na hiyo ndiyo inayoleta kiharusi.

Dawa hii hulegeza mishipa midogo inayopeleka damu kuliko ile inayoirudisha, kwa hiyo maji huvuja na kuingia kwenye nyama. Mtu akishinda amesimama au amekaa, maji hayo hutuama chini. Ndiyo maana asubuhi miguu inakuwa imepungua. Dozi ikiwa kubwa, uvimbe nao huzidi. Vidonge vya kukojoza havisaidii sana uvimbe wa aina hii, msijinunulie. Mwulizeni daktari kama anaweza kurudisha dozi ya 5, kuongeza dawa nyingine ya presha kama losartani, ambayo mara nyingi hupunguza uvimbe huu, au kubadilisha kabisa. Atapenda pia kuhakikisha moyo na figo viko salama.

Kwa sasa ainue miguu juu ya mito anapopumzika. Ila mguu mmoja tu ukivimba na kuuma, akikosa pumzi, au midomo na ulimi vikivimba, msisubiri miadi. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo.